Tairi ya Pikipiki Inalika Vibaya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo watu wa boda na wenye pikipiki za kazi hapa Nairobi hurudia wanapofika kwa fundi na tairi iliyolika vibaya. Wengi huja wameshaamua kwamba shida ni alaimenti, yaani magurudumu kutokaa kwenye mstari mmoja. Mara nyingi siyo. Huwa ni upepo, mzigo, au kitu kilicholegea ambacho hakijaguswa tangu pikipiki itoke dukani. Majibu yamelenga pikipiki za cc 100 hadi 150, aina ya Boxer na TVS zilizojaa kwenye kila steji. Kwa pikipiki kubwa kanuni ni zile zile, vipimo ndivyo hubadilika.

## Mambo ya msingi

1. Nitajuaje kwamba tairi inalika vibaya, na si kwamba imezeeka tu?

Tairi nzuri huisha kwa usawa: ukipitisha kiganja kutoka bega moja la tairi (pale uso unapokutana na ubavu) hadi jingine unahisi mviringo mmoja usio na kona. Inayolika vibaya ina umbo. Inaweza kuwa bapa katikati, kuchongoka upande mmoja, au kuwa na mawimbi ukiizungusha.

Usitegemee macho peke yake. Pandisha gurudumu juu, lizungushe taratibu, na upitishe vidole kwanza kwa kufuata mzunguko wake, kisha kinyume chake. Kiganja hukamata mambo ambayo jicho hukosa, hasa tairi ikiwa na vumbi. Pia tafuta vinundu vidogo vya mpira vilivyo chini ya mifereji, mahali palipoandikwa TWI au penye alama ya pembetatu ubavuni. Meno yakishuka mpaka yalingane na vinundu hivyo sehemu yoyote ile, tairi imekwisha, hata kama upande wa pili unang'aa kama mpya.

2. "Kulia" na "kushoto" ni kwa kutazama kutoka wapi?

Ukiwa umeketi kwenye siti, unatazama mbele. Ukimpigia fundi simu ukiwa umesimama mbele ya pikipiki, mtapotezana.

3. Niweke upepo kiasi gani?

Tazama kijitabu cha pikipiki au kibandiko cha kiwandani, ambacho mara nyingi huwa kwenye kifuniko cha cheni au kwenye mkono wa nyuma (chuma kinachoshika gurudumu la nyuma). Kwa pikipiki nyingi za ukubwa huu vipimo hukaribia PSI (kizio cha shinikizo la upepo) 25 mbele na 28 nyuma ukiwa peke yako, na nyuma hupanda hadi 32 hivi ukiwa na abiria. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi yenyewe, na si kipimo cha pikipiki yako. Vijana wengi wa pampu hujaza kwa kufuata namba hiyo, au kwa kubonyeza tairi kwa kidole gumba tu.

Pima asubuhi kabla hujatoka. Tairi iliyotoka Thika Road saa saba mchana ina joto, na joto hupandisha upepo. Ukiupunguza wakati huo, kesho yake utaamka na tairi laini. Nunua kipima upepo chako mwenyewe, hata kile cha kalamu, kwa sababu vya vituo vya mafuta havikubaliani. Kipimo kimoja kinachokosea kila siku kwa kiasi kile kile kina faida kuliko vitano vinavyobishana.

4. Mbona ya nyuma inaisha haraka kuliko ya mbele?

Ni kawaida. Ya nyuma inasukuma, inabeba abiria, inabeba mzigo. Ya mbele ikianza kuisha haraka kuliko ya nyuma, hapo ndipo pa kuuliza. Anza na swali la 8.

## Kusoma umbo la tairi

5. Katikati imekuwa bapa lakini pembeni bado ina meno mapya. Ni nini?

Sababu ni mbili, na mara nyingi huja pamoja. Ya kwanza ni upepo mwingi: tairi ikijazwa kupita kiasi hufura, ikawa inagusa lami kwa ukanda mwembamba wa katikati. Ya pili ni njia unayopita. Anayeshinda Mombasa Road na Outering, moja kwa moja kutwa nzima, hutumia katikati tu. Tairi yake itakuwa bapa hata upepo ukiwa sahihi.

Utaitambua ukiingia kona. Pikipiki inakataa kulala, kisha inalala ghafla, kwa sababu imelazimika kuvuka ukingo uliojitengeneza kati ya sehemu bapa na bega. Mvua za Aprili ukingo huo ni hatari kweli. Alaimenti haihusiki hapa kabisa. Fundi akikuambia ainyooshe ili katikati ipone, mwulize kivipi.

6. Pembeni zote mbili zimeisha, katikati bado.

Upepo mdogo, au mzigo uliozidi, ambavyo matokeo yake ni mamoja: tairi inabonyea, mabega yanabeba kazi ya katikati. Ishara nyingine ni ubavu wenye nyufa ndogo ndogo na tairi yenye joto sana baada ya safari fupi. Tairi ya tyubu ikikimbizwa na upepo mdogo huweza pia kuteleza juu ya rimu na kuvuta valvu. Ukiona valvu imelala badala ya kusimama wima, toa upepo, irudishe mahali pake, ujaze upya kabla haijakatika.

Kisheria ni abiria mmoja. Tairi nayo ilipimwa kwa hesabu hiyo, na haijui kwamba ni watoto wa shule watatu "wepesi".

7. Imelika upande mmoja tu. Hii si alaimenti kweli?

Huenda ikawa, lakini kwanza tazama ni upande gani, na kwa kiasi gani.

Kulika kidogo upande wa kulia ni kawaida katika nchi inayoendesha kushoto. Barabara zetu zimeinuka katikati na kuteremka kuelekea ukingoni ili maji yakimbie. Ukiwa upande wa kushoto na pikipiki imesimama wima, lami inagusa tairi zaidi upande wa kulia. Tena, kukata kulia hukupitisha kwenye mkunjo mrefu kuliko kukata kushoto, na raundabauti zote unazizunguka ukiwa umelalia kulia. Anayeshinda kwenye raundabauti za Uhuru Highway ataona tofauti hiyo mapema.

Kwa hiyo ikiwa kushoto ndiko kumeisha, au kulia kumeisha kwa tofauti kubwa inayoonekana ukiwa umesimama, tafuta sababu nyingine. Mimi huuliza mzigo kwanza. Mtungi wa gesi wa kilo 13 ukiwa umejaa una uzito zaidi ya hizo 13, kwa sababu chuma chenyewe nacho kina uzito wake. Jerikeni ya maji ya lita 20 ni kilo 20 bila kuhesabu plastiki. Ukifunga kitu hicho upande mmoja kila siku, lazima uendeshe pikipiki imeinama upande wa pili ili iende moja kwa moja, na tairi hulika upande huo ilioinamia. Sanduku la kusambazia vyakula lililofungwa mbali na katikati hufanya vivyo hivyo, polepole zaidi.

Mzigo ukiwa sawa, ndipo uje kwenye gurudumu la nyuma lililokaa mshazari (swali la 14), fremu au foku (mabomba mawili yanayoshika gurudumu la mbele) zilizopinda baada ya ajali (swali la 16), au rimu ya spoki iliyovutwa upande (swali la 12).

8. Tairi ya mbele ina mawimbi, na inavuma kama gari la matairi ya matope.

Mawimbi hayo ni vibonde vinavyofuatana kwenye mzunguko, kwa kawaida mabegani. Hutokea tairi inaporukaruka badala ya kuikanyaga barabara wakati wote: inagusa, inakwaruza, inaruka, inagusa tena. Kinachoiruhusu kuruka ni foku zisizozuia tena. Mafuta yake yamechakaa au yamevuja, na hapa mjini, kwa matuta tuliyonayo, sili za foku hazidumu. Futa bomba la foku kwa kitambaa safi, bonyeza mbele mara kadhaa kwa nguvu. Ukiona duara la mafuta limebaki kwenye bomba, sili imekwenda. Mbele ikiendelea kupanda na kushuka baada ya kuiachia, mafuta hayafanyi kazi.

Sababu nyingine ni beringi za usukani zilizolegea, gurudumu lisilo na balansi, na upepo mdogo. Kubadilisha tairi bila kugusa hayo ni kununua mawimbi mapya. Na tairi ikishapata mawimbi haiponi. Itaendelea kuvuma hata baada ya foku kutengenezwa, kwa hiyo usimlaumu fundi wa foku kwa sauti hiyo.

9. Kuna sehemu moja tu iliyolika, kama imepigwa msasa.

Breki ya nyuma ilifunga gurudumu, tairi ikaburuzwa. Ikiwa hukumbuki tukio lenyewe, kagua dramu: breki inayonata au dramu iliyotoka kwenye duara hukamata mahali pamoja kila mzunguko.

10. Meno yamekuwa kama msumeno, makali upande mmoja.

Kwa kiasi kidogo ni kawaida. Breki hula ukingo mmoja wa kila jino la tairi ya mbele, na nguvu ya injini hula ya nyuma. Ikizidi, ongeza upepo ufike kipimo na ukague foku kama ilivyoelezwa katika swali la 8. Hakikisha pia mshale ulio ubavuni unaelekea mbele. Tairi zilizofungwa kinyume ni nyingi kuliko unavyodhani.

## Kabla ya kunyoosha: kilicholegea

11. Nikague nini kwanza?

Huwezi kunyoosha kitu kinachocheza. Utapima asubuhi, ukapata jibu. Ukapima jioni, ukapata jingine. Simamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, kisha:

Shika tairi ya nyuma juu na chini, uitikise kuelekea kwako na mbali nawe. Ukisikia kugonga kwenye kitovu, ni beringi za gurudumu. Gurudumu likienda pamoja na mkono mzima wa nyuma, bushi za mkono (vibomba vidogo mkono unapojishikiza kwenye fremu) zimekwisha; hizi husahaulika miaka, na ndizo chanzo cha malalamiko mengi ya "pikipiki inatikisa kiuno".

Kwa mbele, mtu akalie nyuma ili gurudumu lipande. Shika foku chini kabisa, vuta na sukuma. Mchezo wowote ni beringi za usukani. Kisha zungusha usukani taratibu kushoto hadi kulia: ukikwama kidogo katikati kana kwamba kuna kishimo, beringi zimejichimbia njia na kukaza hakutasaidia. Zibadilishe.

12. Spoki zina uhusiano gani na tairi kulika?

Mkubwa. Spoki ndizo zinazoishika rimu katikati. Zikilegea upande mmoja, rimu huvutwa upande wa pili na tairi huyumba. Gonga kila spoki kwa spana ndogo: iliyokaza hulia kwa sauti nyembamba, iliyolegea hutoa sauti butu. Kisha funga kipande cha waya kwenye foku, ncha yake ikaribie ukingo wa rimu, uzungushe gurudumu na utazame nafasi ikifunguka na kufunga. Kuyumba kwa zaidi ya milimita 2 hivi kunahitaji fundi wa spoki. Usikaze mwenyewe moja moja kwa kubahatisha, utaharibu duara lenyewe.

Rimu za aloi hazina spoki za kukaza. Zikipinda kwenye shimo, jaribio la waya ni lile lile, ila dawa ni kubadilisha. Kuzipasha moto na kuzigonga hupunguza uimara wake.

## Kunyoosha magurudumu

13. Nikilinganisha alama zilizo kwenye mkono wa nyuma, si inatosha?

Zinakusogeza karibu tu. Alama zile hupigwa kiwandani bila usahihi mkubwa, na mkono ukishapinda kidogo au kushonwa upya, hazina maana tena. Piga hesabu: kati ya kirekebishi cha cheni cha kulia na cha kushoto kuna kama sentimita 20, na kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele ni mita moja na robo hivi. Kosa la milimita 1 kwenye alama huwa milimita 6 mbele.

14. Kipimo cha uzi hufanywaje?

Unahitaji uzi wa mwashi na viti viwili. Mashine haihitajiki.

Zungusha uzi nyuma ya tairi ya nyuma, juu ya ardhi kiasi cha sentimita 10 hadi 15, kisha uvute ncha zote mbili mbele kupita tairi ya mbele na uzifunge kwenye viti. Stendi kubwa ikiwa chini mara nyingi huzuia uzi, kwa hiyo mtu aishikilie pikipiki wima. Sogeza viti mpaka kila uzi uguse ukingo wa nyuma na ukingo wa mbele wa tairi ya nyuma, kwa kugusa tu bila kuupinda. Nyoosha usukani.

Sasa pima nafasi kati ya uzi na tairi ya mbele, kila upande. Tairi ya mbele huwa nyembamba, kwa hiyo lazima pawe na nafasi, na inapaswa kuwa sawa pande zote. Ukiwa na 2.75 mbele na 3.00 nyuma, ni milimita 3 hivi kila upande. Ukiwa na nyuma ya 100/90, ni kama 15.

Zisipolingana, upande wenye nafasi kubwa ndio ambao ekseli yake (chuma kinachopita katikati ya gurudumu) imevutwa nyuma mno. Legeza nati ya ekseli, na bolti ya fimbo inayoshika sahani ya breki, kisha urekebishe kidogo kidogo, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Ukimaliza, sukuma gurudumu mbele kwa goti huku ukikaza nati ya ekseli, halafu pima tena, kwa sababu ekseli husogea ikikazwa. Wengi huruka hatua hii, kisha wanasema uzi hauna maana.

Usisahau kipini cha nati, bolti ya fimbo ya breki, na kurekebisha kanyagio la breki upya. Gurudumu likirudi nyuma, breki nayo hukaza, na taa ya breki inaweza kuwaka muda wote. Ulegevu wa cheni uwe ule wa kijitabu, mara nyingi milimita 20 hadi 30, ukiupima mahali cheni ilipokaza zaidi.

15. Cheni inaweza kunionyesha bila kupima?

Ndiyo, na mara nyingi mapema kuliko tairi. Chuchumaa nyuma na utazame cheni kwa jicho moja kuelekea mbele: inapaswa kutoka kwenye sproketi (gia yenye meno inayoshika cheni) bila kukunja. Kagua meno ya sproketi ubavuni. Yaking'aa upande mmoja tu, cheni inasugua. Pikipiki iliyokaa mshazari kiasi cha kula tairi karibu kila mara huwa imeshakula sproketi. Ndiyo maana tairi ikilika upande mmoja huku sproketi ikiwa safi, mimi hurudi kwenye mzigo na barabara, swali la 7.

16. Nilianguka, sasa nikienda moja kwa moja usukani umekaa upande.

Habari njema ni kwamba mara nyingi foku hazijapinda. Zimejinyonga tu kwenye vishikio vyake. Legeza bolti za kishikio cha chini, za juu, na ekseli ya mbele. Simama mbele, bana gurudumu kwa magoti, nyoosha usukani, kisha bonyeza mbele mara chache ili foku zijipange, halafu kaza kuanzia juu kwenda chini.

Usukani ukirudi upande, au uzi wa swali la 14 ukikataa kulingana hata ekseli ikiwa sawa, foku au fremu imepinda. Foku zilizopinda badilisha. Kirinyaga Road hutakosa za pikipiki hizi. Fremu iliyopinda pale usukani unaposhikiwa ni suala la pesa na usalama, na fundi anayekuahidi kuinyoosha kwa moto wa gesi ndani ya nusu saa anakuuzia chuma kilichodhoofika.

17. Nilienda kwenye mashine ya alaimenti ya magari, wakanirudisha.

Walifanya vizuri. Mashine ile hupima pembe za magurudumu manne yanayorekebishika. Gurudumu lako la mbele halina cha kurekebisha. La nyuma lina viwili tu, kulia na kushoto. Balansi ni jambo tofauti, na inafaa kila ukifunga tairi mpya.

## Hali zisizo za kawaida

18. Kila kitu kimenyooka lakini bado inavuta upande.

Jaribu njia mbili zenye mteremko tofauti, kwa mwendo wa pole, ukiushika usukani kwa wepesi bila kuuachia. Ikivuta kushoto kwenye barabara moja tu, ni barabara. Ikivuta popote, kagua kwa mpangilio huu: mzigo, upepo, umbo la tairi yenyewe (iliyolika upande huvuta hata baada ya sababu kuondolewa), breki ya mbele inayokwaruza, kisha foku.

19. Naweza kugeuza tairi iliyolika upande mmoja, au kuhamisha ya nyuma iende mbele?

Kama ina mshale, usigeuze. Kuihamisha mbele pia hapana: umbo lake limeshajengwa na kazi ya nyuma, na mbele ndiko kunakokushikilia ukifunga breki.

20. Vipi tairi iliyochongwa meno upya, au ya mitumba?

Kuchonga hakuongezi mpira, hupunguza. Panapochongwa hubaki ngozi nyembamba juu ya nyuzi. Ukinunua ya mitumba, tafuta tarakimu nne mwishoni mwa namba ya DOT: 2319 maana yake ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji akiwa amezifuta kwa msasa, ameshakujibu.

21. Nikishuka Mombasa, upepo wangu unabadilika?

Unabadilika. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi. Kipima upepo husoma tofauti kati ya ndani na nje, kwa hiyo ukifika pwani, joto likiwa sawa, tairi ile ile itasoma pungufu kwa PSI 2 hadi 3. Joto la pwani hurudisha sehemu yake. Pima upya asubuhi ya kwanza ukiwa huko. Na ukirudi Nairobi pima tena, maana huku utakuta umezidi.

22. Pikipiki za umeme nazo?

Zenye injini ndani ya kitovu cha nyuma hazina cheni ya kukuonya, kwa hiyo kipimo cha uzi ndicho cha kutegemea. Kitovu hicho ni kizito, na nguvu huja yote kwa mkupuo ukipinda gripi, hivyo tazama katikati ya tairi ya nyuma mara nyingi zaidi. Kabla ya kulegeza ekseli, tazama waya mnene unapotokea kwenye kitovu na uuachie nafasi usikatwe na nati.